Elise na kiti cha abiria: jinsi Lotus ilivyofungiwa barabara za Marekani

Tarehe 31 Agosti 2011 ruhusa iliisha. Lotus Elise yoyote, gari dogo jepesi la michezo, iliyoundwa baada ya siku hiyo katika kiwanda cha Hethel, Norfolk, mashariki mwa Uingereza, haikuweza tena kuuzwa Marekani kama gari la barabarani. Gari lenyewe halikuguswa. Injini ilikuwa ile ile, breki zile zile, na Waingereza, Wajerumani na Wajapani waliendelea kulipa namba za usajili kama kawaida. Kilichokwisha muda ni msamaha wa serikali, na msamaha huo ulihusu mfuko wa hewa wa usalama.

Wapenda magari husimulia kisa hiki kwa mkato: Wamarekani hawapendi magari mepesi, wanataka kila mtu aendeshe pikapu, basi wakaitimua Elise. Yanasikika vizuri kijiweni, ila hayalingani na rekodi. Marekani iliiacha Lotus iuze kwa miaka 7 gari ambalo halikutimiza masharti ya nchi hiyo, tena ikiwa inajua wazi kwamba halijatimiza. Na ukifuatilia hatua kwa hatua, hutakuta mahali popote serikali ilipouliza kama gari lina kasi mno, liko chini mno, au linafaa zaidi uwanja wa mbio kuliko barabara ya kwenda sokoni. Maswali yaliyoulizwa yalikuwa madogo na makavu: bampa inahimili nini, taa inamulika vipi, na nini kitatokea mtoto wa miaka 3 akikalishwa upande wa abiria.

Tuanze na gari. Elise ilitoka mwaka 1996. Jina lilichukuliwa kwa Elisa, mjukuu wa Romano Artioli, tajiri wa Kiitaliano aliyekuwa akimiliki Lotus wakati huo. Chasisi yake ni mabomba bapa ya aluminiamu yaliyounganishwa kwa gundi badala ya kuchomelewa, na uzito wake ni kilo 68 hivi, yaani mtu mzima mmoja wa wastani. Juu yake kuna bodi ya faiba. Toleo la kwanza lilikuwa na injini ya Rover ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi 118, ambazo si nyingi, lakini gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 725 tu. Halikuwa na usukani wa pawa wala mifuko ya hewa. Hata kuingia ni kazi: kizingiti cha mlango ni kipana na kirefu, paa ni turubai la kukunja, kwa hiyo unatanguliza mguu mmoja, unashika kizingiti, kisha unajishusha taratibu mpaka makalio yakute kiti kilicho karibu na sakafu. Mwenye sketi hulaani.

Gari la namna hii lina namba za usajili lakini fikra zake ni za uwanjani. Kila gramu iliyoondolewa iliondolewa kwa sababu ya kona na breki. Mwaka 2000 pacha wake, Exige, alizaliwa moja kwa moja kutokana na Elise ya mashindano, akiwa na paa gumu na bawa la nyuma.

Nani husema gari ni halali

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ulaya hutumia utaratibu wa idhini kabla ya kuuza. Mtengenezaji hupeleka gari la mfano mbele ya mamlaka, kama VCA ya Uingereza au KBA ya Ujerumani, linapimwa kipengele kwa kipengele, kisha modeli nzima inaidhinishwa. Vipimo vingi hutoka kwenye Mkataba wa 1958 wa Umoja wa Mataifa kuhusu magari, ambao wanachama wake hutambua vyeti vya vipengele vya wenzao. Japani ilijiunga mwaka 1998 na Australia mwaka 2000. Hii ndiyo sababu taa iliyopita Ujerumani haipati shida kubwa Tokyo. Zaidi ya hapo, Ulaya huwawekea watengenezaji wadogo mlango wao, yaani idhini ya uzalishaji mdogo yenye kikomo cha idadi ya magari kwa mwaka, na Uingereza ina mlango mwingine mwembamba zaidi wa kukagua gari mojamoja. Ukaguzi huo uliitwa SVA, na tangu 2009 unaitwa IVA. Ujerumani nayo, kwa Kifungu cha 21 cha kanuni zake za usajili, humruhusu mhandisi aliyeidhinishwa kulipitia gari moja peke yake na kuandika alichokikuta. Wanaoishi kule wanajua jinsi mhandisi wa TÜV, mashirika yanayokagua magari, anavyoweza kukufanya uvue rimu zako mpya kwa sababu karatasi yake haipo.

Marekani haimo katika Mkataba wa 1958. Tangu sheria ya usalama wa magari ya 1966, mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe. Hakuna ofisi inayogonga muhuri kwenye modeli kabla haijauzwa. Kampuni hubandika kibao kwenye fremu ya mlango ikisema gari hili limetimiza viwango vyote vya usalama vilivyokuwepo siku lilipoundwa, na kuanzia hapo mzigo ni wake. Mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, hununua magari dukani kama mteja mwingine, huyagonganisha, na ikikuta uongo, kampuni hurudisha magari na kulipa faini. Moshi ni habari nyingine: shirika la mazingira, EPA, lazima litoe cheti kabla ya kuuza, na California ina chombo chake kikali zaidi.

Utaratibu wa Marekani unaonekana kuwa huru, mpaka ujiulize kampuni ndogo inathibitishaje. Ili uweke saini kwenye kibao kile lazima uwe umegonganisha magari yako mwenyewe mara nyingi, kwa kasi tofauti, ukiwa umeketisha wanasesere wa majaribio wa ukubwa tofauti. Kwa Toyota gharama hizo hugawanywa kwa mamilioni ya magari. Kwa Hethel, zinagawanywa kwa maelfu machache.

2004: bampa, taa na injini ya kuazima

Kikwazo cha kwanza kilikuwa injini. Ile ya Rover haikuwa na cheti cha moshi cha Marekani, na kukitafuta kwa injini iliyokuwa inaelekea mwisho wake ingekuwa kutupa fedha baharini. Lotus ikaenda Toyota na kuchukua 2ZZ-GE, injini ya lita 1.8 iliyobuniwa pamoja na Yamaha, ambayo tayari ilikuwa ikizunguka Marekani ndani ya Celica GT-S. Cheti cha Elise bado kilihitajika, lakini safari ilikuwa fupi. Injini hii ni mpole mpaka upite mizunguko 6,000 na kidogo kwa dakika. Hapo kemshafti hubadilisha tabia na gari linapiga kelele kama limekanyagwa mkia. Farasi 190, gari la kilo 900 hivi baada ya kuongezewa mifuko ya hewa, breki za ABS na kiyoyozi.

Wengine husahau hilo: Elise ya Marekani ilikuwa na mifuko ya hewa, wa dereva na wa abiria. Sheria ya huko iliilazimu kila gari dogo jipya kuwa nayo tangu Septemba 1997.

Kikwazo cha pili kilikuwa bampa. Kanuni ya Marekani, Sehemu ya 581, inataka bampa ya mbele na ya nyuma zihimili kugongwa kwa mwendo wa maili 2.5 kwa saa, sawa na kilomita 4, bila madhara makubwa. Kanuni hii haihusu maisha ya mtu hata kidogo. Ilitokana na sheria ya 1972 ya kuwapunguzia wananchi gharama za gereji. Elise haina bampa kwa maana tunayoijua. Sehemu yote ya mbele, kuanzia pua, mapaja ya matairi hadi karibu na kioo, ni kipande kimoja cha faiba. Ukimgusa mwenzako kwenye maegesho, ufa unaanzia puani na fundi anakuambia kipande chote kivuliwe. Kwa hiyo niseme wazi kwamba kwenye hoja ya bampa Wamarekani walikuwa sahihi kabisa: hasara waliyoihofia ndiyo hasa inayowaliza wenye Elise mpaka leo.

Tatu ni taa za mbele, ambazo ziliumbwa kwa kanuni za Ulaya na hazikutimiza Kiwango namba 108 cha usalama cha Marekani, kinachohusu taa.

Lotus haikubadilisha vitu hivi viwili. Iliomba msamaha. Sheria ya Marekani inaruhusu kampuni isiyozidi magari 10,000 kwa mwaka iombe kusamehewa kiwango fulani kwa muda usiozidi miaka 3, ikionyesha mambo mawili: kwamba kutimiza kiwango hicho sasa kutaiumiza sana kiuchumi, na kwamba imejitahidi kwa nia njema kukitimiza. Ombi huambatana na hesabu za kampuni za miaka iliyopita na makadirio ya ijayo, hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kutoa maoni. NHTSA ilikubali mwaka 2004, na Elise za kwanza zikawafikia wateja wa Marekani mwaka huo huo.

Msamaha huu haufichwi. Gari linapouzwa lazima liwe na karatasi kwenye kioo inayomwambia mnunuzi kwamba gari hili halijatimiza kiwango fulani, na kibao cha kudumu kinaandikwa namba ya msamaha. Mwenye Elise ya Marekani anayo hiyo namba garini mwake hadi leo. Napenda utaratibu huu kuliko ule wa Ulaya katika jambo moja tu: mnunuzi anajua nini kinakosekana, na anakijua kabla ya kulipa.

Mfuko wa hewa na mtoto wa miaka 3

Sasa tufike kwenye kiini.

Mifuko ya hewa ya miaka ya 1990 ya Marekani iliua watu. Zaidi ya 100 walikufa katika ajali ndogo ambazo wangetoka nazo wazima, wengi wao watoto waliokaa mbele na wanawake wafupi waliosogeza kiti karibu na usukani. Sababu ilikuwa katika sheria yenyewe. Marekani ilitaka mfuko umwokoe hata mtu mzima asiyefunga mkanda. Ili umdake mwanamume mkubwa anayerushwa mbele bila mkanda, mfuko lazima ufumuke haraka na kwa nguvu nyingi, na nguvu hiyo ikimkuta mtoto uso kwa dashibodi inamvunja shingo. Ulaya ilichukulia kwamba umefunga mkanda, ikapima majeraha ya mwanasesere aliyefungwa, na wala haikulazimisha mfuko wa hewa. Ndiyo maana Elise ya 1996 ilipita kule bila mfuko hata mmoja.

Mwaka 2000 NHTSA ilirekebisha Kiwango namba 208 na kudai mifuko yenye akili. Magari yalitakiwa kumlinda mwanamke mdogo wa kilo 49 na mwanamume wa wastani, aliyefunga mkanda na asiyefunga. Upande wa abiria yakaongezwa masharti kuhusu watoto: kichanga cha miezi 12, mtoto wa miaka 3 na wa miaka 6. Ama mfuko ujizime wenyewe ukitambua kuna mtoto, na taa ya njano iwake kumjulisha dereva, ama ufumuke kwa upole uliothibitishwa kwa vipimo. Makampuni makubwa yaliingizwa kwa awamu tangu Septemba 2003. Madogo yalipewa mpaka 1 Septemba 2006.

Hebu sasa tazama kiti cha Elise. Ni ganda jembamba lenye mto mwembamba, limefungwa karibu kabisa na sakafu. Gari la kawaida huweka kipima uzito chini ya sponji nene ya kiti, na kipima hicho hujifunza tofauti kati ya mama mdogo, mtoto kwenye kiti chake cha usalama, na mfuko wa mboga. Kwenye ganda lile hakuna sponji ya kutosha wala nafasi chini yake. Na hata ukipata sensa, lazima upate pia mfuko wenye hatua mbili za kufumuka, kompyuta ya kuamua, dashibodi ya kuubeba, kisha urudie majaribio yote kwa kila mwanasesere, katika mikao tofauti. Watengenezaji wa sensa nao ni makampuni makubwa yanayozoea oda za laki kadhaa. Oda ya magari elfu mbili au tatu hawaipi kipaumbele.

Lotus haikuwa peke yake. Ferrari, ambayo haina njaa, nayo iliomba msamaha kuhusu mifuko ya F430. Tofauti ni kwamba F430 ilikuwa na mrithi mezani, gari jipya lililobuniwa tangu mchoro wa kwanza likiwa na kiti na dashibodi za kanuni mpya. Elise ilikuwa na mwili wa 1996 uliofanyiwa ukarabati mwaka 2000.

NHTSA ikaisamehe Lotus tena, kuanzia Septemba 2006. Mwaka 2009 ikaongeza mpaka 31 Agosti 2011. Hoja ilikuwa ile ile kila mara: gari jipya linakuja, tupeni muda tuendelee kuuza la zamani ili fedha za kulijenga zipatikane. Ni hoja ya haki, na kwa miaka ya mwanzo ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba gari jipya halikuja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoilaumu serikali. Lotus ilikuwa chini ya Proton ya Malaysia tangu 1996, na Proton haikuwa na fedha za kumwaga Norfolk bila hesabu. Nguvu za kampuni zilielekezwa kwenye Evora, gari kubwa zaidi lililotoka mwaka 2009. Kisha kwenye maonyesho ya Paris ya 2010, mkurugenzi mkuu Dany Bahar akafunua magari matano mapya kwa mpigo, Elise mpya ikiwemo, iliyoahidiwa 2015. Magari matano, kutoka kwa kampuni iliyoshindwa kubadilisha kiti kimoja! Proton iliuzwa kwa DRB-Hicom mwaka 2012, Bahar akaondolewa mwaka huo huo, na mpango ukafa. Ukiwa mtumishi wa NHTSA mwenye faili lile mezani, na msamaha unaotaka ushahidi wa juhudi za nia njema, ungeandika nini mara ya tatu?

Kwa hiyo Elise na Exige zikaondoka pamoja kwenye barabara za Marekani. Elise iliendelea kuuzwa kwingine kwa miaka 10 zaidi, mpaka uzalishaji ulipokoma mwishoni mwa 2021 chini ya wamiliki wapya, Geely wa China.

Ndugu zake wasio na milango

Ili uone jinsi mipaka hii ilivyo ya ajabu, tazama ndugu wa Elise. Lotus 340R ya mwaka 2000, iliyoundwa magari 340, haina milango wala paa. Uingereza iliipa namba za usajili, kwa kuwa hakuna mahali sheria yake inaposema gari lazima liwe na mlango. Mwaka 2007 ikaja 2-Eleven, mashine ya uwanjani yenye injini ile ile ya Toyota iliyofungwa supachaja. Mwingereza aliyetaka kuendesha yake hadi uwanjani badala ya kuibeba kwa trela aliongeza fedha, akapewa indiketa, breki ya mkono na vitu vingine vilivyotakiwa na SVA, gari likakaguliwa, likapata namba. Kwa Mmarekani 2-Eleven ilikuwa ya uwanjani tu.

Mwaka 2013 Exige ilirudi Marekani kwa jina la Exige V6 Cup, ikiuzwa kama gari la uwanjani pekee, bila haki ya kusajiliwa. Hakuna kiwango kilichoizuia, kwa sababu viwango vya usalama vinahusu magari ya barabara za umma. Duka lile lile lililokatazwa kukuuzia Exige yenye taa na mifuko ya hewa liliweza kukuuzia yenye nguvu zaidi isiyo na namba. Uipandishe kwenye trela, uivute kwa pikapu.

Baadhi ya majimbo yana njia ya kusajili gari lililoundwa na mwenyewe; California, kwa mfano, hutoa nafasi 500 kwa mwaka zenye nafuu ya kipimo cha moshi. Wapo waliopitisha magari mepesi ya Kiingereza kwa njia hiyo, yakiingia kama vipande, injini ikifungwa huko huko. Kwa gari zima lililotoka kiwandani njia hiyo ni ya kuviziana, na siipendekezi kwa mtu anayetaka bima imlipe siku ya ajali.

Halafu kuna kanuni ya miaka 25. Tangu sheria ya 1988, gari lililotimiza umri huo tangu kuundwa huingia Marekani bila kuulizwa viwango vya usalama. Moshi wake EPA huacha kuuliza likifika 21, ingawa California ina masharti yake. Matokeo yake kwa Elise ni kichekesho. Ile ya 1996, isiyo na mfuko wa hewa hata mmoja, imekuwa halali kuingizwa tangu 2021. Ya 2012, yenye miundo bora zaidi, lazima isubiri hadi 2037. 340R, ile isiyo na milango, ilitimiza miaka yake 2025. Kanada ilipanga miaka 15, hivyo Elise hiyo hiyo ya 2012 itavuka mpaka wa Kanada mwaka 2027, na kuukaribia wa Marekani kwa macho tu.

Sioni hekima ya usalama katika hesabu hiyo. Naona hesabu ya biashara: gari la miaka 25 haliwezi kumnyang'anya mteja muuzaji wa magari mapya, basi halimuudhi mtu.

Afrika Mashariki tuna maswali yetu, na hayafanani na hayo. Kenya, kwa kiwango cha KS 1515, huuliza umri na upande wa usukani: gari lisizidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza, na usukani uwe kulia. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haifungi mlango kwa umri, ila ushuru wa uchakavu humkumbusha mwagizaji. Hakuna kati yao anayeketisha mwanasesere wa miaka 3 kwenye kiti cha abiria. Kazi hiyo tumewaachia wanaotuuzia. Elise ya Uingereza au Japani ya 2021, usukani kulia, inaingia Mombasa mpaka mwisho wa 2028 kama ipo katika hali nzuri. Chini yake kuna nafasi kama kiganja kimoja kati ya sakafu na lami, kwa hiyo matuta ya Thika Road yatakuwa na neno.

Kwa ndugu walioko Texas au Maryland wanaoziona Elise za 2005 hadi 2011 zikitangazwa na kufikiri siku moja watarudi nazo nyumbani, zile zina usukani kushoto na umri umeshapita: Kenya zimezuiwa mara mbili. Kwa matumizi ya huko huko ziko halali kabisa, kwa kuwa zilisamehewa siku zilipoundwa na msamaha haufutwi nyuma. Ukienda kuangalia moja, fungua mlango wa dereva usome kibao kina namba gani ya msamaha, kisha piga magoti mbele ya gari na upitishe kidole kwenye faiba, kuanzia puani hadi kwenye tundu za taa, ukitafuta nyufa nyembamba chini ya rangi. Bei ya kipande hicho iulize kabla hujataja ofa.